Ukianguka Jumatatu, usisubiri Jumapili

Ukitaka kujua kama mtu anaishi kwa neema, usimtazame wakati wa ibada. Mtazame asubuhi ile baada ya kuanguka: amedanganya kazini, amemtukana mkewe, amerudia pombe. Anamwendeaje Mungu? Hapa Uganda, kuanzia makanisa ya Kiswahili ya wakimbizi kule Nakivale hadi ushirika wa nyumbani Busia, walokole wengi hufanya yaleyale. Huacha kuomba siku mbili tatu kwa aibu. Kisha hujipangia adhabu: kufunga siku tatu, kukesha Ijumaa, kuongeza sadaka. Wakishamaliza ndipo wanathubutu kusema "Baba". Hiyo ni sheria tupu.

Wagalatia, wale Wakristo ambao Paulo aliwaandikia waraka, walikuwa wameokoka kweli. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba imani inakuingiza mlangoni, na baada ya hapo unabaki ndani kwa juhudi zako (Wagalatia 3:3). Lilianza na nyongeza moja tu, tohara. Paulo akawaambia ukiichukua hiyo moja, umejifunga kuitimiza torati yote (5:3), na walimu wa Kiyahudi wamehesabu humo amri 613. Hakuna kuchagua.

Kwa hiyo, siku hiyohiyo, kabla hujalala, itaje dhambi kwa jina lake. "Nisamehe pale nilipokukosea" ni maneno ya kujificha. Sema, "Leo nimetia mfukoni shilingi 50,000 za mauzo na nikamdanganya bosi." Usiongeze kwamba karo imekubana au kwamba mshahara ni mdogo, ukianza hapo unajitetea, hutubu tena. Halafu shika 1 Yohana 1:9. Mungu anasamehe kwa sababu yeye ni mwaminifu na wa haki, na wingi wa machozi yako haukutajwa. Mshukuru papo hapo. Wengi huteleza hatua hii: wanaomba msamaha uleule kila usiku wiki nzima wakingoja moyo utulie. Moyo huchelewa, usiungoje.

Kisha rudisha fedha. Watu hushtuka: kama ni neema, nalipa nini tena? Msome Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla hajatoa hata senti. Torati ilimtaka mtu aliyekiri kosa lake arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Kwa zile 50,000 ni 60,000. Kurudisha kondoo wanne kwa mmoja kulimhusu mwizi aliyemchinja au kumwuza (Kutoka 22:1). Zakayo akajitolea mwenyewe kulipa mara nne, ambayo kwa zile 50,000 zako ingekuwa 200,000, na nusu ya mali yake akawapa maskini. Neema ilimfikisha mbali kuliko sheria ilivyomdai.

Kama huna fedha zote, nenda ukiri, mpatane ulipe kidogo kidogo. Usiahidi kwa moto wa ibada kiasi usichonacho. Na kama kukiri kwako kutaanika siri ya mtu mwingine, zinaa kwa mfano, zungumza kwanza na mzee mmoja wa kanisa anayejua kufunga mdomo. Ushuhuda wa hadharani unaweza kuvunja nyumba ya mtu asiye na hatia.

Wazee wetu wa uamsho wa Afrika Mashariki waliyajua haya. Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, walikutana Namirembe mwaka 1929, na katika miaka ya 1930 moto ukasambaa kutoka Gahini, Rwanda, hadi Kigezi na Buganda. Watu walirudisha vitu walivyoiba, na hata wasioamini wakashangaa. Inasikitisha kwamba uamsho huohuo ulikuja kujeruhiwa na masharti. Kufikia miaka ya 1970 ndugu wa Uganda walikuwa wamegawanyika, wale waliojiita walioamka upya wakikaza kamba, na suala la madeni likawa miongoni mwa yaliyowatenga ndugu. Kukopa ovyo ni hatari kweli. Lakini ushauri mzuri ukipandishwa kuwa sharti la wokovu, unaua.

Kanisa lina haki ya kuwa na utaratibu wake: saa za ibada, sare za kwaya. Shida huanza dada anapoambiwa Mungu hamsikii kwa sababu amesuka rasta. Mwulizeni mchungaji, kwa heshima: "Nisipofanya hivi, nimepoteza nini mbele za Mungu?"

Fungu la kumi ndilo linaloniuma zaidi, maana linamgusa maskini. Katika Kumbukumbu la Torati 14 lilikuwa nafaka, divai na mafuta. Familia ililila kwa furaha mbele za Bwana pamoja na wazaliwa wa kwanza wa mifugo, na kila mwaka wa tatu liliwekwa mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mwendesha boda mwenye pikipiki ya mkopo anayetishwa kwa laana ya Malaki 3 juu ya wasiotoa fungu la kumi anabebeshwa mzigo ambao hata Musa hakuuandika hivyo. Paulo anasema kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, bila huzuni wala kulazimishwa (2 Wakorintho 9:7). Kaa na mwenzako, mwamue kiasi, mkitoe kwa uaminifu. Wapo watakaozidi asilimia kumi.

Wengine husema mafundisho haya yanalegeza watu. Paulo alirushiwa shutuma hiyohiyo, wala hakurudi kwenye sheria ili kujikinga. Tito 2:11-12 inasema neema yenyewe hutufundisha kukataa ubaya. Ndugu anayerudia uzinzi kila mwisho wa mwezi huku akisema "niko chini ya neema" bado hajaanza kufundishwa nayo. Mfuateni nyumbani, msimwache.

Kwa vikundi vya nyumbani: someni Wagalatia yote kwa kikao kimoja. Ni sura 6, mistari 149, na kwa sauti haimalizi nusu saa. Baadaye chukueni sura moja kila wiki. Msiruke 2:11-14, Petro alipojitenga na watu wa Mataifa mezani kwa kuwaogopa Wayahudi. Ulizaneni ni nani hajawahi kukaribishwa kwenye meza zenu, na kwa nini. Tunda la Roho (5:22-23) lisubiri wiki ya tano. Vikundi vinavyoanzia hapo huligeuza kuwa orodha ya kukaguana.