Swali la Sajini

Mei 2011 niliamriwa kuwafundisha askari wangu namna ya kuishi na watu kama mimi, wakati sheria ya kunifukuza jeshini ilikuwa bado hai.

Nilikuwa kapteni katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, mkuu wa kombania. Rais Obama alikuwa ameshatia saini, tarehe 22 Desemba 2010, kufutwa kwa ile sheria ya mwaka 1993 ya "Usiulize, Usiseme", iliyomtaka shoga aliye jeshini afiche alivyo. Lakini saini peke yake haikutosha. Ilibidi majeshi yapewe mafunzo, kisha Rais, Waziri wa Ulinzi na Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi wathibitishe kwamba tuko tayari, halafu zihesabiwe siku 60. Mpaka hapo, aliyetamka kwamba ni shoga aliweza kufukuzwa vilevile, kama walivyofukuzwa wenzetu zaidi ya 13,000 waliotangulia. Basi nikasimama kando ya projekta nikisoma slaidi.

Mafunzo yalikuwa na visa vya kujadili. Katika kimoja, unawakuta askari wawili wa kiume, wamevaa kiraia, wanabusiana mahali pa watu wengi. Ufanye nini? Jibu lilikuwa kwamba uwapime kwa kanuni zilezile ambazo ungempimia mwanamume na mwanamke. Wachache walicheka, wakanyamaza.

Ndipo sajini mmoja akasimama. Alikuwa mtu wa sala, na kama ningeambiwa nichague mtu mmoja wa kunilinda mgongo, ningemchagua yeye.

"Afande, mimi nimelelewa katika Neno. Nitalazimishwa kusema kwamba jambo hili si dhambi?"

Jibu lilikuwa kwenye karatasi yangu. Nikamwambia hapana, hakuna atakayetakiwa kubadili imani yake; atakachotakiwa ni kumheshimu mwenzake na kufanya naye kazi. Sajini akashusha pumzi. Nami nikajikuta nimeshusha pumzi pamoja naye.

Pumzi ile iliniandama mchana kutwa. Sajini alikuwa na sababu ya kuona nafuu. Mimi je? Mwisho nilikubali: moyoni nilikuwa nimekaa benchi moja na yeye. Wakubwa wa Washington waliweza kufuta sheria yao. Ile niliyoibeba tangu utotoni haikuwa mikononi mwao.

Baba alikuwa mhubiri wa kanisa lililoshika kila aya kama ilivyoandikwa, bila kupunguza nukta. Nilipomfungulia moyo, nikiwa na miaka 15, hakunipiga wala kunitukana. Alilia. Tukafunga siku tatu, yeye na mimi, tukimwomba Mungu anigeuze. Siku ya nne tulipokaa mezani kufungua, alinitazama usoni akitafuta badiliko, na mimi nikatazama sahani. Hatukulizungumza tena. Kwa hiyo nilipoingia jeshini na kuambiwa "usiseme", haikuwa amri ngeni kwangu.

Usiku ule nilikwenda kwa kasisi wa jeshi. Siri unayompelekea kasisi kwa ajili ya roho yako hawezi kuitoa, hata kwa kamanda, na miaka ile hiyo ilikuwa kinga kubwa. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Kisha nikasema yote kwa sentensi moja, kwamba napenda wanaume, nampenda Yesu, na nimechoka kuambiwa nichague.

Hakunihubiria. Aliniuliza ni sura gani naijua kwa moyo. Nikamwambia Matendo ya Mitume 8, niliyoikariri nikiwa na miaka tisa. Akaniomba niisome.

Nikaanza bila shida. Nilipofika kwa yule towashi Mwethiopia, mwanamume aliyehasiwa, ulimi ukawa mzito. Kumbukumbu la Torati 23:1 nilikuwa nimeikariri pia: mtu kama huyo asiingie katika mkutano wa Bwana. Naye alikuwa amesafiri hadi Yerusalemu kuabudu! Sasa anarudi nyumbani garini, anasoma Isaya 53. Sura tatu tu mbele, katika kitabu kilekile, Mungu anawaahidi matowashi jina lililo bora kuliko la wana na binti. Filipo, mhubiri wa Injili, akapanda akaketi naye. Njiani wakayaona maji, towashi akauliza ni nini kinachomzuia asibatizwe. Filipo alikuwa na aya ya kumzuia. Alichotaka kwake ni imani tu, kisha wakashuka majini wote wawili.

Najua watakaosema towashi si shoga. Ni kweli, wala sisemi sura hiyo inamaliza mjadala. Lakini nilikuwa nimeisoma mara mia nikiwa Filipo. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilikuwa yule aliye garini, na swali lake lilitoka kinywani mwangu kama langu. Nilishindwa kuendelea.

"Sura haijaisha," kasisi akasema kwa upole.

Nikaimaliza huku nalia. Yule mtu akaenda zake akifurahi.

Sheria ilikufa tarehe 20 Septemba mwaka ule. Baba nilimpigia simu jioni. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema ataniombea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka. Sajini nilimwambia mwenyewe, tukiwa wawili tu ofisini. Alikaa kimya, akiigeuza kofia yake mikononi.

"Afande, siku ile nilipouliza mbele ya watu..."

"Hata mimi nilikuwa nalingoja jibu lake," nikamwambia.

Akavuta kiti, akaketi.