Moshi wa lehemu na risasi ya mikononi: nilivyoipanga upya meza yangu ya ufundi

Kifua kilikuwa kinabana jioni, na usiku kikohozi kikavu. Mimi ni fundi wa redio, amplifaya na simu Dar es Salaam, basi kila mtu alinipa jibu lile lile: madini ya risasi yaliyomo kwenye lehemu yamekuingia mapafuni, kunywa maziwa. Daktari yeye aliniuliza tu, "Siku ambazo hufungui ofisi, hali ikoje?" Sikohoi. Akasema basi tuuangalie huo moshi.

Ule moshi si risasi. Waya wa lehemu tunaoutumia, bati 60 kwa risasi 40, huyeyuka karibu na nyuzi 190 za Selsiasi. Pasi yangu ya kulehemu hufika 350 hivi, na risasi haichemki mpaka ipite 1,700. Kinachofuka ni flaksi, utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya, nao unajulikana kuwaletea pumu wanaolehemu, wawe kiwandani au kibandani. Nikachomoa feni ya kompyuta mbovu, nikaifunga upande wa dirisha ivute moshi utoke nje. Ikivuma kuelekea usoni ni kazi bure. Joto la pasi nikalishusha pia. Kifua kimetulia, ingawa dawa ya kuvuta haikai mbali. Pumu ya namna hii ikishakushika, hata moshi kidogo unaiamsha.

Risasi yenyewe njia yake ni mikono na mdomo. Fundi gani hajawahi kung'ata waya wa lehemu kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi? Kisha unamega chapati. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaoshi risasi. Sasa waya unakaa kwenye stendi niliyoikunja mwenyewe, tunanawa kwa sabuni kabla ya kula, na meza inafutwa kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio ulikuwa unatimua vumbi tu. Uchafu wa pampu ya kunyonyea lehemu unaingia kwenye kopo lenye mfuniko. Shati la kazi linabaki ofisini: nyumbani kuna mtoto anayetambaa, na risasi huharibu ubongo unaokua, hata ikiwa kidogo.

Lehemu isiyo na risasi? Simu nyingi zinakuja nayo tangu marufuku ya Ulaya ya risasi kwenye vifaa vya elektroniki ilipoanza 2006, kwa hiyo kwenye simu naitumia. Huyeyuka kwenye nyuzi kama 220, bei yake imechangamka, na flaksi yake inafuka vilevile. Redio za zamani bado nazirudishia ya risasi. Feni haizimwi kwa yoyote kati ya hizo.