Kazi ya Injini ya Pili

Kila ninapomweleza mtu hapa Dar es Salaam kwamba ninajifunza kurusha ndege ndogo ya injini mbili inayotua majini na nchi kavu, huniuliza kama injini ya pili ni ya akiba, endapo ya kwanza itazimika. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kadiri mafunzo yanavyoendelea, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba injini hiyo hufanya kazi yake kubwa zaidi ndege ikiwa bado inaelea, kabla haijainuka hata kidogo.

Ndege yenyewe ni AirCam, aina iliyobuniwa na Phil Lockwood huko Florida, Marekani, katika miaka ya 1990, ili wapiga picha wa jarida la National Geographic waweze kuruka chini na polepole juu ya msitu wa Ndoki, kaskazini mwa Kongo-Brazzaville, mahali ambapo rubani akizimikiwa na injini yake pekee hana uwanda wa kutua. Ina injini mbili za Rotax 912 zenye nguvu-farasi 100 kila moja, zimefungwa kwenye bawa na propela zao zikatazama nyuma, na watu wawili hukaa mmoja mbele ya mwenzake bila paa. Hii tunayojifunzia imefungwa maboya mawili marefu, na magurudumu yake hukunjwa ndani ya maboya hayo.

Rubani aliyezoea uwanja wa lami hupata taabu kukubali kwamba majini hakuna breki. Propela ikianza kuzunguka, ndege imeondoka, na ikiwa ni injini moja tu iliyowaka, itaanza kuzunguka upande mmoja. Upepo nao hauiachi: mkia wake mrefu hushikwa na upepo mpaka pua ielekee huko unakotoka, uwe umetaka au hukutaka. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa injini ya pili. Ukitaka kugeukia kushoto dhidi ya upepo, unasukuma wenzo unaoongeza nguvu ya injini ya kulia na kuuacha wa kushoto chini, na ndege inageuka mahali ambapo usukani mdogo wa maji ulioko nyuma ya maboya ungeshindwa peke yake. Mwalimu wangu, ambaye sote tunamwita Kapteni, hunitaka niipitishe ndege kati ya maboya ya alama yanayoelea baharini kwa nyenzo hizo mbili tu, miguu, ambayo ndiyo huendesha usukani wa maji na ule wa mkia, ikiwa imetulia, na ninaliona zoezi hilo kuwa na manufaa kuliko mengi tunayoyafanya hewani.

Tunajifunzia upande wa Msasani, na nimetambua kwamba elimu kubwa ya bahari ile wanayo wavuvi. Wao ndio wanaojua ni wapi miamba hujitokeza maji yakipwa, na katika pwani yetu, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, kiasi cha kuufanya mkondo uliokuwa salama asubuhi uwe mwamba mtupu mchana. Kwa hiyo kabla ya kutoka tunatazama jedwali la maji, kisha tunawauliza. Mzee mmoja mwenye ngalawa, nilipomwamkia na kumuuliza habari za kusi, ule upepo wa kusini, alinijibu, “Mwanangu, subirini kidogo, hii haijafika bado,” na Kapteni akaahirisha safari bila kubishana. Isitoshe, Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinaitaka ndege iliyo majini ijiweke mbali na vyombo vyote na isivizuie njia. Ngalawa ina haki kuliko sisi, nami naona ndivyo inavyostahili.

Jambo hili si geni katika mji huu. Mwaka 1937 ndege kubwa za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zenye injini nne, zilianza kutua katika bandari ya Dar es Salaam zikiwa kwenye njia ya kutoka Southampton hadi Durban, zikipitia Kisumu, Mombasa na Lindi. Leo bandari hiyo imejaa meli na vivuko vya Kigamboni.

Kupaa kuna hatua zake. Kwanza unavuta usukani wa mkononi kabisa, pua inainuka, maboya yanalima maji na huoni mbele; hapo hupaswi kukawia, kwa sababu injini hupata joto na marasharasha ya chumvi hufika kwenye propela na kuzila ncha. Kisha unaulegeza usukani, na ndege inapanda juu ya kidato, yaani ile sehemu iliyokatwa chini ya boya ili maji yasiling’ang’anie, ikaanza kuteleza juu juu. Ukiiachia pua ishuke mno huanza kupiga mbizi na kuinuka, kila mara kwa nguvu zaidi, na dawa yake ni kuvuta usukani kidogo, na ikishindikana, kuondoa nguvu ya injini mara moja.

Kutua kuna hatari moja inayozipita zote. Magurudumu yakiwa nje wakati wa kugusa maji, hukamata maji na ndege hupinduka kichwa chini. Taa za buluu zinaonyesha kwamba yamekunjwa, za kijani kwamba yametoka, lakini Kapteni haridhiki na taa. Ni lazima niseme kwa sauti, “Ninatua majini, magurudumu yako juu,” kisha niyatazame yenyewe kwa macho, upande huu na upande ule, na nirudie maneno hayo tena ndege ikikaribia maji. Wakati wa maleleji, upepo unapokufa na bahari ikatulia kama kioo, macho hayawezi kupima kimo, hivyo tunatua karibu na ufuko ili tupate cha kulinganishia, tukishuka kwa mwendo usiozidi mita 45 kwa dakika huku injini zikiendelea kuvuta, mpaka maji yatupokee.

Na kuhusu ile akiba ambayo watu huniuliza, hesabu yake si nusu kwa nusu. Ndege hupanda kwa nguvu inayobaki baada ya ile inayotumika kuiweka hewani, kwa hiyo ndege nyingi ndogo za injini mbili zikipoteza injini moja hupoteza zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa kupanda. Tena injini iliyo hai huivuta ndege upande, na chini ya mwendo fulani usukani wa mkia hauwezi tena kuizuia. AirCam ina nafuu, kwa kuwa injini zake zimekaribiana na ndege yenyewe ni nyepesi, lakini Kapteni hunifundisha kana kwamba nafuu hiyo haipo: tambua kwa mguu, kwani mguu usio na kazi ndio upande wa injini iliyokufa, hakikisha kwa kurudisha wenzo wake, ndipo uizime.

Tukirudi, tunaivuta nchi kavu na kuiosha kwa maji baridi, injini, nyaya na kila kiungo, kisha tunapampu maji yaliyoingia kwenye vyumba vya maboya. Kazi hii huchukua muda mrefu, nami naipenda, kwa sababu chumvi isiyooshwa leo ndiyo kutu ya mwezi ujao. Zoezi linalofuata ni kutua na injini moja na kuifikisha ndege ufukoni kwa injini hiyo hiyo, ikitaka kuzunguka na upepo ukiivuta pua, bila msaada wa wenzo wa pili niliouzoea. Tumekubaliana tulifanye asubuhi, wakati wa maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, na boti ya wavuvi ikiwa karibu.