Siku dereva wetu alipoitwa ndani ya mafunzo

Mwaka 2019 nilipata nafasi ya kwenda Morogoro kwenye kozi ya huduma za msingi za dharura, ile ya siku 5 iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watu kama sisi wa hospitali za wilaya ambako bingwa wa dharura hayupo. Kwetu barabara kuu ya kwenda Iringa iko jirani kwahiyo ajali za mabasi, malori, bodaboda, zote zetu. Tulienda madaktari, matabibu na manesi. Dereva wa ambyulensi aliyetupeleka, mzee mmoja mtaratibu sana, akawa anashinda nje kwenye gari.

Siku ya majeruhi mkufunzi akataka mtu wa kulala awe mgonjwa aliyevunjika nyonga, akachungulia dirishani akasema mwiteni mzee yule. Akaja, akalala. Tukafundishwa kumfunga kwa shuka, yaani unalikunja, unalipitisha chini ya magoti pale penye uwazi, unalivuta taratibu hadi usawa wa ile mifupa inayochomoza pembeni juu ya mapaja, halafu wawili mnavuta kila mtu upande wake mnakaza. Ukilipandisha kiunoni kama unafunga kanga halishiki kitu. Na usiitingishe tingishe nyonga kuipima, maana ikivunjika damu inaweza kumwagika humohumo ndani, lita kadhaa, na nje usione hata tone.

Mzee alipoinuka hakutoka. Akasema, "Samahani daktari, hawa wanangu mgonjwa wanampokea mlangoni. Mimi ndo namkuta barabarani, usiku, niko na nesi mmoja tu, na watu washaanza kumbeba juujuu. Nianze na nini?"

Mkufunzi akaacha slaidi zake. Akamwambia damu inayoruka ndo ya kwanza, gandamiza palepale kwa nguvu na usiwe unainua kitambaa kuchungulia, damu ya mkono au mguu ikigoma kukatika kaza mkanda mpana upande wa juu wa jeraha, siyo kwenye jeraha lenyewe, na uandike saa uliyokaza. Kisha njia ya hewa, asiye na fahamu msukume taya mbele bila kupinda shingo. Kwenye kumgeuza, aliyeshika kichwa ndo anahesabu, wengine wanamfuata yeye. Mzee akarudia kila hatua kwa sauti, akafanya kwa mikono yake mpaka akaridhika.

Mimi niliumia kweli, kwa sababu miaka yote hiyo tumekuwa tukimuita "dereva" kama vile kazi yake ni usukani tu, wakati dakika za mwanzo za mgonjwa ziko mikononi mwake.

Barua ya mafunzo mengine ilipokuja nikaangalia majina, madereva hakuna. Nikaenda kwa mganga mfawidhi nikamueleza yote haya, akasikiliza, akachukua peni akaongeza jina la mzee pale chini.