Kumbe shamba la mama si ekari tatu

Jumamosi nilizunguka shamba la mama kule Mbozi, simu mkononi, programu ya kupima eneo imewashwa. Yeye alitangulia kunionesha mipaka: mkaratusi wa babu, kichuguu, mfereji. Miaka yote tumesema ekari tatu. Simu ikatoa 2.2.

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia. 2.2 ileile.

Nimeumia kidogo, nakiri. Msimu uliopita alivuna gunia 33 za mahindi. Kwa ekari tatu ni gunia 11 kila ekari, na mama alikuwa akijilaumu kwamba hajui kulima. Kumbe ni gunia 15! Na mbolea alikuwa akinunua ya ekari tatu, kwa pesa ya kuunga. Tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/2023 wakulima tunasajiliwa pamoja na ukubwa wa mashamba yetu, kwa hiyo tutakwenda kijijini kurekebisha.

Kahawa nayo tumeiwekea alama kwenye ramani, maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji wa misitu inataka ijulikane imetoka shamba lipi.

Daftari lake la mavuno lililowa mvua, kurasa nyingi hazisomeki. Zilizosomeka nimeziingiza kwenye simu usiku uleule, naye akinisomea. Baadhi ya miaka aliikumbuka kwa kichwa, gunia kwa gunia.

Kesho asubuhi tunapima la mama mdogo.