Ramani Kichwa Chini

Mwaka 2009 nilikuwa nafundisha Jiografia darasa la tano huko Newala, na mada iliyonitoa jasho ilikuwa mito. Kitabu kilieleza kwamba mvua ikinyesha, maji hujikusanya kwenye vijito, vijito huingia mtoni, na mto huenda baharini. Darasa zima likanakili. Kisha binti mmoja wa dawati la dirishani akanyoosha mkono: "Mwalimu, vijito vya hapa viko wapi?"

Havipo. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni ya kichanga, inakunywa kila kinachoanguka. Masika hupiga asubuhi, jioni unapita pakavu. Maji yanazama mpaka yatokee chini kabisa, kwenye miteremko ya kingo za uwanda, na ndiko bibi zao walikokuwa wakishuka kuteka, kisha kuupanda mlima na mzigo kichwani. Ndiyo maana nyumba nyingi za Newala zina kisima cha saruji uani, cha kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mimi nimekulia Lindi, pale Lukuledi inapoingia baharini, na kwenda Kitunda, ng'ambo ya maji, ilikuwa lazima upande chombo. Wanafunzi wangu wengi hawakuwahi kuona mto hata mmoja.

Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikakunja ramani ya ukutani, tukaenda Shimo la Mungu. Wasiopajua wasidhani ni shimo. Ni pale mji unapoishia na uwanda unakatika ghafla, chini yako bonde zima la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, sare zao zinanuka salfa. Ukungu ulikuwa umeziba bonde, tukakaa kuungoja upande, nami nikatumia muda huo kuwatisha kidogo wasisogee ukingoni.

Ulipopanda, kelele. Mto wenyewe ulionekana kwa mbali mno, mstari mwembamba unaong'aa, ukikatika na kutokea tena kati ya miti. Kijana mmoja akasema mjomba wake analima mpunga kule, huondoka alfajiri kwa miguu. Tukapima kwa uzi kwenye ramani: sentimita moja na kidogo. Akaukodolea macho ule uzi, kisha akaniangalia mimi. Nadhani aliona mjomba wake amedhulumiwa.

Utamu ulikuja na dira. Niliwaambia wauangalie mto, halafu wawili washike ramani ilingane na nchi, kaskazini ya karatasi ielekee kaskazini ya kweli, yaani kule shuleni tulikotoka. Wakaigeuza, maandishi yote yakawa kichwa chini. Wakakataa katakata. Ramani haishikwi hivyo, mwalimu, itasomwaje? Wakabishana mpaka kijana mmoja, ambaye darasani hakuwa akifungua mdomo, akaichukua, akaupa mto mgongo, akainyoosha mbele yake. Maandishi yakakaa sawa, na kaskazini ikawa mbele yake. Alikuwa sahihi kabisa.

"Sasa mto unauonaje?" wenzake wakamzomea.

"Sihitaji kuuona. Najua uko nyuma yangu."

Nikauliza maji yanakwenda upande gani. Waliotazama bonde wakasema kushoto. Yeye, macho kwenye karatasi, akasema kulia. Nikawaacha wachemke. Ni yule binti wa dirishani aliyekata shauri: kama mto unaingia Bahari ya Hindi, na bahari iko Mtwara, basi kila mtu anyooshe kidole Mtwara. Mikono yote ikaelekea mashariki, pamoja na wa yule aliyegeuka. Kisha akarudia swali lake la vijito, nami nikamwonyesha chini ya mteremko, palipokuwa kijani kuliko kwingineko. Akasema bibi yake aliteka huko huko.

Wengine walitaka kuliona Daraja la Umoja, la kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji, lililokuwa likijengwa wakati huo Mtambaswala. Nikawaeleza liko mbali, juu zaidi ya mto, upande wa kulia ukitazama bonde, na lina mita 720. Wakatembea kwa hatua barabarani wakijaribu kulipima, tukachelewa uji. Lilifunguliwa Mei mwaka uliofuata.

Kwenye mtihani wa muhula nikauliza Mto Ruvuma unatiririka kuelekea wapi. Wengi waliandika mashariki. Yule kijana mkimya akaandika: "Kushoto ukiutazama, kulia ukiupa mgongo, Mtwara ukitaka kufika." Nikampa alama zote mbili. Mwalimu wa taaluma alipopitia karatasi akakata moja, kwa kuwa hakutaja dira.