Siku moja maishani mwangu: zamu ya mchana kitengo cha dharura

Saa moja kasoro robo asubuhi. Kabla ya kupokea ripoti ya usiku, nataka kuiona mashine ya kushtua moyo kwa macho yangu. Naichomoa kwenye umeme nione kama betri inashika, naijaribu, nahesabu pedi zake za kubandika kifuani na kusoma tarehe zake. Kwenye toroli la dharura natafuta adrenalini, dawa ya kuusukuma moyo uliosimama, mfuko wa kupulizia pumzi, na vitu viwili vinavyosahaulika: wembe na taulo kavu. Pedi haishiki kwenye nywele nyingi wala jasho, na hapa Dar es Salaam kila kifua kina jasho.

Saa tatu kasoro dakika tano. Bajaji inaingia hadi mlangoni. Mama mtu mzima, wanawe wawili wamemkumbatia kiti cha nyuma. "Sista, alianguka jikoni, lakini njia nzima alikuwa anakoroma!" Mapigo hakuna. Tunaanza kubonyeza kifua, monita inawashwa, mstari umelala. Mstari huo haushtuliwi, ingawa ndugu wengi hutusihi tushtue. Umeme wa mashine hutuliza moyo unaotetema ovyo, ulionyamaza hauuamshi. Hapo hubaki mikono, pumzi na adrenalini, miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5. Baada ya nusu saa daktari akataja saa ya kifo.

Mimi ndiye niliyewaambia wanawe. Sikuwaambia kwamba kule kukoroma hakukuwa kupumua. Moyo ukisimama, mtu anaweza kuendelea kuvuta hewa kwa kukoroma au kutweta kwa dakika chache, na walio karibu hudhani amezimia tu. Ni jambo la kuwafundisha watu kabla. Mbele ya maiti ya mama yao sikuweza.

Saa nne hadi saa nane: ajali mbili za bodaboda, malaria kali, mtoto aliyemeza sarafu. Chai niliinywa imepoa.

Saa nane na dakika kumi. Baba mmoja aliyekuwa benchini akisugua kifua analala ubavu. "Amepitiwa na usingizi," mkewe anasema, "si mnamsikia anavyokoroma?"

Nilimsikia. Tulimlaza sakafuni pale pale. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikiachwa kirudi juu kila mara. Tunapokezana kila dakika 2, maana mikono huchoka kabla mwenyewe hujajua. Mwenzangu akafuta jasho, akabandika pedi moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Monita ikaonyesha mawimbi yaliyovurugika. Huu sasa ndio wa kushtuliwa.

"Oksijeni mbali! Wote mbali!" Jouli 200. Mwili ukaruka, na mikono ikarudi kifuani papo hapo bila kungoja kuona kilichotokea. Dakika 2. Mshtuko wa pili. Nikiwa nabonyeza tena, akausukuma mkono wangu.

Akausukuma! Mkewe alikuwa amejifunika kitenge usoni. Nikamwita, "Mama, njoo umwone."

Saa moja na nusu usiku. Nimekabidhi zamu, pedi mpya nimeziweka mwenyewe. Getini namkuta dereva wa bajaji wa asubuhi.

"Dada, yule mama vipi?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. "Lakini alikuwa anakoroma."

Yeye nilimweleza yote. Akauliza, "Sasa mimi ningefanya nini, nami nimeshika usukani?" Nikamwambia wewe usingeweza, ila wale vijana wangembonyeza mama yao kifua kule kule sakafuni jikoni, tangu alipoanguka, huku mmoja wao akikutafuta wewe. Kiti cha bajaji ni laini, kinameza nguvu yote.

Akafungua mlango wa nyuma, akatoa mto wa kiti, akauweka chini na kupiga magoti. Akabonyeza kwa woga, kama anayeogopa kuumiza.

"Zaidi, kaka," nikamwambia, nikaweka mikono yangu juu ya yake. "Zaidi."